Konstantinopoli ilisimama vipi miaka yote ile?

SWALI: Shikamoo mhariri, mi nauliza kuhusu Wabizanti, wale Warumi wa mashariki, mji wao Konstantinopoli (Istanbul ya leo) ulizingirwa mara kibao na haukuanguka, siri ilikuwa nini na mbona mwisho Waturuki wakauchukua? Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba. Kwanza ni ukuta wa enzi za Kaisari Theodosius II, na sio ukuta mmoja bana, unaanza na handaki pana, ukivuka unakuta ukuta wa nje, halafu nyuma yake kuna mwingine wa kama mita 12 kwenda juu na minara yake. Pande zingine bahari. Waarabu walipokuja 717 na meli zao, walirushiwa ule moto unaowaka hata juu ya maji, unatoka kwa bomba kwenye meli, na fomula yake ilifichwa sana mpaka ikapotea kabisa.

Lakini watu wanasahau 1204. Waliouteka mji ni Wakristo wenzao wa Vita vya Msalaba, waliingilia upande wa bahari wakapora mpaka makanisa, na mimi naona hapo ndo ulivunjwa mgongo. Wagiriki, yaani Wabizanti wenyewe, waliurudisha 1261 ila nguvu haikurudi tena, kwa hiyo 1453 Sultani wa Waturuki Mehmed II anakuja na mizinga mikubwa, anaburuza meli nchi kavu kuziingiza Pembe ya Dhahabu, ile ghuba ya bandari ya mji, na walinzi ndani hawafiki hata elfu kumi. Wakahimili siku 53. Kaisari Constantine XI alifia humo humo vitani, Mei 29.