Nimetubu na fedha nimerudisha: je, lazima niwaambie wazee wa kanisa?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya ujenzi usharikani kwetu. Mwaka jana nilibanwa na ada ya mtoto, nikachukua laki sita kwenye mfuko wa ujenzi. Baada ya miezi mitatu nikazirudisha zote. Hakuna aliyejua, na nimetubu kwa machozi. Sasa wamenipendekeza niwe mzee wa kanisa. Mke wangu ananishauri nikatae tu, niseme sistahili, ili nisiwakwaze washirika. Je, huo si unyenyekevu?

JIBU: Amina, ndugu yangu. Msamaha usiutilie shaka. 1 Yohana 1:9, inayosema tukiziungama dhambi zetu Mungu hutusamehe, haikuweka kiwango cha shilingi. Ila unachouliza kinahusu uongozi, na hapo mama watoto, kwa heshima zote, sikubaliani naye.

Hebu fikiri. Ukisimama mbele ya wazee ukasema hustahili, watasema nini? Watasema, tazama mtu alivyo mnyenyekevu! Utatoka pale na sifa kubwa kuliko uliyoingia nayo, na utakuwa umeipata kwa kuficha jambo. Anania na Safira, mume na mke wa Matendo 5 waliouza kiwanja wakaficha sehemu ya fedha, hawakuhukumiwa kwa uchache wa sadaka. Petro alimwambia Anania wazi kwamba kiwanja kilikuwa chake, na hata baada ya kukiuza fedha zilikuwa katika uwezo wake. Walichotaka ni kuonekana wametoa vyote.

Kisha wasome wafalme wawili. Sauli, nabii Samweli alipomkabili kwa habari ya nyara za Waamaleki alizozibakiza kinyume cha agizo la Mungu, alikiri. Wengi husahau hilo. Katika 1 Samweli 15 alikiri mara mbili, lakini mara ya pili akaongeza ombi: nabii amheshimu mbele ya wazee wa watu wake. Yaani dhambi itajwe, heshima isiguswe. Daudi, aliyechukua mke wa mtu na kumuua mume, alimjibu nabii Nathani kwa maneno machache: "Nimemfanyia Bwana dhambi." Hakuomba siri. Tazama hata utangulizi wa Zaburi ya 51, ile mistari midogo tunayoiruka: zaburi imekabidhiwa kwa mwimbishaji, na habari ya Bath-sheba, mke yule aliyemchukua, imetajwa humo humo. Sijui ni kiongozi gani wa siku zetu angekubali kwaya iimbe hilo.

Utasema, lakini fedha zimerudi. Ndiyo, na umefanya vyema. Walawi 6 ilimtaka aliyedhulumu arudishe mali yote, aongeze sehemu ya tano, na ampe mwenyewe. Sikutwishi torati ya Musa, ila ona kwamba mwenye mali alihusishwa. Wewe umerudishia mfuko. Wenye mfuko hawajui kama kuna kilichotoka.

Tena wewe peke yako unajua jambo ambalo usharika unalihitaji mno: kwamba kwenu mtu mmoja anaweza kutoa laki sita, miezi mitatu ikapita, na asishtuke yeyote. Ukinyamaza, mwingine atapita hapo hapo, na huenda yeye asirudishe. Paulo alipokusanya changizo la watakatifu wa Yerusalemu hakusema, mimi ni mtume, niaminini. Katika 2 Wakorintho 8 anaeleza kwamba aliambatana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili mtu asiwalaumu juu ya fedha zile. Mtume mzima akakubali kuangaliwa mikono yake!

Kuhusu kukwaza: sisemi ushike maiki Jumapili. Anza na mchungaji wako, kisha baraza la wazee, kabla jina lako halijapigiwa kura. Taja kiasi, taja miezi. Ada uitaje mara moja tu, isiwe wakili wako. Wakikuondoa kwenye kamati, kubali bila kuhama usharika. Najua kishawishi cha kuhama kitakuja. Wakikuacha, omba wewe mwenyewe kwamba kuanzia sasa fedha zisitoke bila sahihi za watu wawili, na kwamba vitabu vya mwaka jana vikaguliwe, kuanzia na miezi ile mitatu.