Ukitaka kufuatilia jambo kwenye Hansard za Bunge, anza na kalenda

Hii naandika kwa ajili ya nyie mnaoanza, mlio mafunzoni kwenye vyumba vya habari, mliopata kazi ya utafiti kwenye asasi, wanafunzi wa tasnifu, na hata mwananchi tu anayetaka kujua mbunge wake kaongea nini kuhusu maji ya kata yake. Naona wengi wanafungua tovuti ya Bunge, wanaandika neno moja kwenye sehemu ya kutafutia, hakiji kitu cha maana, wanafunga na kusema Hansard, yani taarifa rasmi za yale yanayosemwa bungeni, hazina kitu. Zina vitu vingi mno jamani, tena vya bure, ila ni mafaili ya PDF moja moja kwa kila siku ya kikao, kila moja lina kurasa mia na kitu au zaidi, kwa hiyo ukiingia bila kujua unatafuta siku gani utazunguka mpaka uchoke.

Ndo maana huwa nawaambia watu tafuta kikao kwanza, neno utalitafuta ukishakuwa ndani ya faili. Na ili upate kikao lazima uijue kalenda ya Bunge.

Kwa kawaida Bunge la Tanzania hukutana mara nne kwa mwaka, na kila awamu inaitwa Mkutano. Ndani ya Mkutano kila siku moja ya kukaa inaitwa Kikao. Sasa hapa ndo wageni wanapotea, kwa sababu namba za Mikutano zinaanza upya kila baada ya uchaguzi mkuu. Ukikuta mtu kaandika "Mkutano wa Saba" peke yake hajakwambia kitu, Mkutano wa Saba wa Bunge la Kumi na Moja ulikuwa wa bajeti ya 2017, na Mkutano wa Saba wa Bunge la Kumi na Mbili ulikuwa wa bajeti ya 2022. Kwa mabunge hayo mawili bajeti iliangukia Mkutano wa Tatu, wa Saba, wa Kumi na Moja, wa Kumi na Tano na wa Kumi na Tisa, ukishika huo mpangilio unaokoa muda sana. Bunge la Tisa ni la 2005 hadi 2010, la Kumi ni 2010 hadi 2015, alafu endelea kuhesabu.

Alafu angalia kitu kingine, ukirudi nyuma kabla ya 2013 usitafute bajeti mwezi wa nne. Zamani Mkutano wa bajeti ulikuwa unaanza Juni na kuendelea mpaka Julai, hadi Agosti, yani mwaka mpya wa fedha umeshaanza na wizara nyingine bado hazijapitishiwa fedha zake. Kuanzia 2013 ndo ikawa Aprili hadi mwisho wa Juni. Kwa hiyo mtu anayetafuta hotuba ya Wizara ya Maji ya 2009 akaenda kufungua vikao vya Aprili atakuta mambo mengine kabisa.

Ukishapata siku, fungua faili na usome mpangilio wake kabla hujaanza kurukia. Inaanza na dua, zinakuja hati zilizowasilishwa mezani, yanafuata maswali na majibu, ndo inaingia shughuli kubwa ya siku, muswada au makadirio ya wizara au taarifa ya kamati. Hati mezani watu wanaruka kwa sababu ni mistari michache tu, mimi naona ni moja ya sehemu zenye thamani kubwa, maana pale ndo unajua ripoti gani imeingia bungeni na tarehe gani. Ripoti za CAG, yani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kwa mfano huwasilishwa Bungeni mwezi wa nne, ukiona imetajwa pale unajua kuanzia siku hiyo ni mali ya umma na una haki ya kuiulizia.

Maswali na majibu ndo sehemu ya kufanyia mazoezi. Kuna swali la msingi, limeandikwa na kupelekwa mapema, lina namba, na jibu lake limeandaliwa na wizara. Alafu kuna maswali ya nyongeza, haya yanaulizwa pale pale na Naibu Waziri anajibu kwa kichwa chake na vikaratasi anavyopewa na wataalamu. Ukinukuu jua unanukuu lipi, kwa sababu jibu la msingi ndo msimamo ulioandikwa wa serikali, mara nyingi lina takwimu za fedha na kilomita na idadi ya vijiji, wakati kwenye nyongeza unapata ahadi za papo kwa hapo, "nitafika mwenyewe", "baada ya kikao tuonane". Zote zina kazi yake ila uzito haulingani. Na ukiona jina lina maneno K.n.y. mbele ya jina la mbunge mwingine maana yake huyo kauliza kwa niaba ya mwenzake ambaye hayupo, usije ukaandika kuwa mbunge wa Kusini ndo kaulizia zahanati ya Kaskazini ukajenga na stori juu yake.

Sasa maneno ya kutafutia. Serikali inabadilisha majina ya vitu kila baada ya muda na Hansard inafuata jina la wakati ule. Wizara ya Nishati na Madini ilikuwa moja mpaka Oktoba 2017 zikawa mbili. TAMISEMI ilikuwa Ofisi ya Waziri Mkuu, baada ya uchaguzi wa 2015 ikahamia Ofisi ya Rais. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, imeanza 2017, kabla ya hapo barabara za vijijini ni habari ya halmashauri. RUWASA, wakala wa maji vijijini, ni ya 2019. Mikoa nayo hivyo hivyo, ukiandika Simiyu kwenye mijadala ya 2008 hupati kitu kwa sababu mkoa umeanzishwa 2012 pamoja na Geita, Katavi na Njombe, Bariadi ilikuwa Shinyanga. Songwe ni ya 2016, ilimegwa kutoka Mbeya. Kwa hiyo tafuta kwa jina dogo kabisa, jina la kijiji, la daraja, la mto, la skimu, haya hayabadiliki sana. Na ujaribu tahajia zaidi ya moja maana waandishi wa Hansard wanaandika walivyosikia. Majina ya wabunge pia yanageuka, Zitto Kabwe utamkuta kwenye mafaili mengine kaandikwa Mhe. Kabwe Z. Zitto, kwa hiyo ukitafuta jina tumia la upande mmoja tu, usiandike yote mawili kwa mpangilio uliouzoea.

Mafaili mengi ya miaka ya karibuni ni maandishi halisi, ukibonyeza Ctrl na F unatafuta ndani. Ya zamani mengine ni picha za karatasi, hapo kutafuta hakufanyi kazi na lazima usome kwa macho, au uipitishe kwenye programu ya kugeuza picha kuwa maandishi, ambayo itakosea kosea ila inasaidia kujua uende ukurasa gani. Kuna njia nyingine pia, kwenye Google andika site: ikifuatiwa na anwani ya tovuti ya Bunge, alafu neno lako ndani ya alama za kunukuu. Mara nyingi hii inaleta vitu ambavyo kisanduku cha tovuti yenyewe hakileti.

Nije kwenye kusoma, maana hapa ndo naumia nikiona kazi za watu. Kwenye Hansard kuna maneno yaliyosemwa na kuna maneno yaliyoingizwa. Waziri anasoma hotuba ya bajeti kwa muda aliopewa, anaomba hotuba yake yote kama ilivyo kitabuni iingizwe kwenye Hansard, kwa hiyo utakuta imechapishwa hotuba nzima "kama ilivyowasilishwa mezani" na kuna aya humo hajawahi kuzitamka. Wabunge nao wanachangia kwa maandishi, na michango hiyo inachapishwa ikiwa na "Mheshimiwa Spika" zake zote kama vile mtu alisimama. Hajasimama. Ni rekodi halali kabisa na unaweza kuitumia, ila andika "alichangia kwa maandishi", usiandike "aliliambia Bunge", kwa sababu hakuna aliyemsikia siku hiyo na hakuna aliyepata nafasi ya kumpinga.

Kuna maandishi ya kwenye mabano pia. Makofi, kicheko, kengele kulia kuashiria muda wa mzungumzaji umekwisha, hayo yanakupa hali ya ukumbi. Muhimu kuliko yote ni pale unapokuta imeandikwa kuwa maneno hayo siyo taarifa rasmi za Bunge, maana yake mzungumzaji aliyafuta au kiti, yani Spika au anayeongoza kikao, kiliagiza yafutwe. Ukiyanukuu bila kusema kuwa yaliondolewa unamdanganya msomaji. Na kama ni tuhuma dhidi ya mtu, kumbuka Ibara ya 100 ya Katiba inalinda uhuru wa mjadala ndani ya Bunge, wewe ukiyachukua na kuyasema kama yako huku nje hiyo kinga haikufuati. Andika nani kasema, siku gani, na alijibiwa nini.

Hilo la kujibiwa nalisisitiza. Klipu za mitandaoni zinakatwa pale mbunge anapomaliza kufoka, na tangu Januari 2016 serikali ilipotangaza kuwa TBC haitarusha tena vikao vyote mubashara, vipande ndo vimekuwa chakula cha watu wengi. Hansard ina kile kilichofuata baada ya kipande, kuna mtu kasimama kutoa taarifa, kuna mwongozo umeombwa, kuna waziri kajumuisha jioni na kutaja namba tofauti. Soma mpaka mwisho wa hoja, na kama ni makadirio ya wizara soma hadi Kamati ya Matumizi, pale Bunge zima linapokaa kama kamati kupitia fedha kifungu kwa kifungu, hapo ndo mbunge anatishia kutoa shilingi kwenye mshahara wa waziri na waziri analazimika kusema kitu cha maana. Majibu mazuri mengi niliyowahi kuyapata yamelala kule mwisho ambako wengi hawafiki. Na kama unataka kujua nani alipiga kura gani, kwenye mambo mengi hutapata, hoja inaamuliwa kwa sauti na kuandikwa tu imeafikiwa, lakini bajeti kuu ya serikali inapigiwa kura kwa kuita jina moja moja, na majina yanachapishwa pamoja na ya wasiokuwepo.

Kingine, jambo haliishi siku lilipotikisa. Chukua Richmond, ile kampuni iliyopewa zabuni tata ya umeme wa dharura 2006. Kila mtu anajua Februari 2008, Kamati Teule iliyoongozwa na Dkt. Harrison Mwakyembe ikasoma taarifa yake na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Ukiishia pale umesoma nusu, kwa sababu Bunge lilipitisha maazimio, na serikali ikawa inarudi kwenye Mikutano iliyofuata kuleta taarifa ya utekelezaji, wabunge wanazikataa, wanauliza upya, mpaka 2010. Mwanafunzi anayetaka kuandika kitu kipya juu ya Richmond aende huko, kwenye vikao ambavyo havikuwa na kelele. Au escrow ya Novemba 2014, sakata la fedha zilizochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow, neno "escrow" litakupeleka kwenye taarifa ya PAC, Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, na mjadala wake, lakini ukiandika IPTL, kampuni ya kufua umeme iliyokuwa kiini cha sakata hilo, utarudi nyuma sana maana mkataba wake na TANESCO ni wa 1995, na hapo ndo unaelewa kwa nini watu walikuwa na hasira vile.

Kwa ahadi ndogo ndogo fanya hivi hivi. Fungua jedwali kwenye kompyuta, weka tarehe, Bunge, Mkutano, Kikao, ukurasa, nani kauliza, nani kajibu, kaahidi nini, lini. Ukikutana na "upembuzi yakinifu unaendelea" andika, alafu mwaka unaofuata tafuta barabara ile ile uone kama umefikia "usanifu wa kina" au bado ni upembuzi ule ule. "Fedha zikipatikana" nayo iandike kama ilivyo, usiigeuze kuwa ahadi kwa sababu haina tarehe. Jedwali la namna hiyo la jimbo moja, la miaka mitano, ni kazi ambayo mwandishi wa wilayani anaweza kuifanya bila nauli ya kwenda Dodoma na wananchi wakaielewa bila maelezo marefu.

Kama jambo lako ni la Zanzibar na si la Muungano, shule za msingi, hospitali, karafuu, nenda kwenye kumbukumbu za Baraza la Wawakilishi, usipoteze muda kwenye za Dodoma. Sheria iliyopitishwa itafute TanzLII, tovuti ya bure ya sheria na hukumu za Tanzania, maana Hansard inakupa mjadala na marekebisho ila unahitaji kuona maandishi ya mwisho. Wanaofanya historia ya kabla ya uhuru, Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika limeanza 1926 na rekodi zake ni za Kiingereza, na msisahau Hansard ya Uingereza ambayo ipo mtandaoni bure kuanzia 1803, ule mradi wa serikali ya Uingereza wa kulima karanga Kongwa, Nachingwea na Urambo uliozikwa 1951 umejadiliwa kule London kwa kirefu, wabunge wao wanabanana juu ya matrekta ya kwetu.

Ukikosa faili kwenye tovuti, au linki imekufa, usiache. Ukiwa Dar jaribu Maktaba ya Chuo Kikuu, kitengo cha East Africana, uliza Hansard kwa mwaka na mwezi. Vinginevyo andika barua kwa Katibu wa Bunge, taja Bunge la ngapi, Mkutano, Kikao na tarehe, ambazo sasa unajua kuzipata. Barua inayosema tu "naomba taarifa za mjadala wa maji" haina wa kuijibu, yenye tarehe kamili mtu wa maktaba anainuka na kwenda moja kwa moja kwenye rafu.