Maswali ya Wasomaji: Kicheza Muziki cha Mama wa Kihambani

SWALI: Ndugu Mhariri, mama yangu anaishi Kibosho na sehemu kubwa ya mchana huwa kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, akipalilia migomba au akikata majani ya ng'ombe. Anapenda sana nyimbo za kwaya, na pia masomo ya Biblia yaliyosomwa kwa sauti, ambayo wenzake wa jumuiya humtumia mdogo wangu kwa WhatsApp. Simu janja hataki, kwa kuwa macho yake yamepungua nguvu na vidole vyake hugusa pasipotakiwa. Nimepita madukani hapa Moshi mjini nikaonyeshwa vicheza muziki vya kila namna, vingine vikiuzwa pamoja na memori kadi ya GB 512 kwa bei ndogo mno. Nimnunulie kipi? Msomaji wa Pasua, Moshi.

JIBU: Ndugu msomaji, anza na vidole vya mama na uiache GB 512 kwanza. Mtu mwenye mikono iliyoshika jembe na macho yasiyosoma maandishi madogo anahitaji vitufe vinavyoinuka, vinavyotambulika kwa kupapasa, na kitufe cha sauti kilicho mbali na kile cha kuruka wimbo. Vile vicheza vidogo sana vya kubana kwenye nguo, visivyo na kioo, ni vyepesi na vinavutia, lakini vingi vikizimwa katikati ya somo la saa nzima huanza tena mwanzo wa faili, na mama atakuwa akisikiliza sura zile zile kila siku bila kufika mwisho. Kwa hiyo mwombe muuzaji akiwashe, usikilize dakika chache, ukizime, kisha ukiwashe tena uone kinaendelea kutoka wapi. Kama hakikumbuki, kirudishe mezani hata kama ni kizuri kwa sura.

Kuhusu nafasi, wauzaji huitaja kwanza kwa sababu ni rahisi kuitangaza, ilhali mahitaji ya mama ni madogo kuliko unavyodhani. Faili ya MP3 iliyorekodiwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde huchukua takriban MB 1 kwa kila dakika, hivyo wimbo wa dakika 4 ni kama MB 4, na kadi ya GB 4 hubeba nyimbo zipatazo 1,000. Sauti ya mtu anayesoma huridhisha hata kwa nusu ya kiwango hicho. Kadi ya GB 8 au 16 iliyo halisi inamtosha kabisa, na ina faida nyingine: kadi zinazozidi GB 32 kwa kawaida hutoka kiwandani zikiwa na mpangilio wa faili uitwao exFAT, ambao vicheza vingi vya bei nafuu haviusomi, wakati zile za GB 32 kushuka chini hutumia ule wa FAT32, unaosomwa na karibu kila kifaa.

Hiyo ya GB 512 kwa bei ndogo mno naiogopa kwa niaba yako. Kuna kadi bandia ambazo kidhibiti chake cha ndani kimebadilishwa ili kiitangazie kompyuta nafasi ambayo haipo; nafasi ya kweli ikishajaa, majina ya nyimbo huendelea kuonekana lakini sauti imepotea au inakatikakatika. Programu ya bure ya H2testw huijaza kadi yote kisha huisoma upya, na hivyo hufichua udanganyifu huo. Patana na muuzaji, tena akuandikie risiti, kwamba utaijaribu nyumbani na kuirudisha ikishindwa. Anayekataa sharti hilo amekwisha kukujibu. Na usibabaike ukiona tundu la kadi limeandikwa TF, kwani ni la microSD ile ile.

Masomo yanayotoka WhatsApp yanahitaji kazi ya ziada. Sauti zinazorekodiwa humo huhifadhiwa kwa mfumo wa Opus, na vicheza vya kawaida vinavyojua MP3 na WAV pekee huzipita kana kwamba hazipo. Mdogo wako anaweza kuzigeuza kuwa MP3 kwa kutumia programu ya kompyuta ya Audacity, ambayo ni ya bure, kisha azipe namba mwanzoni mwa jina: 001, 002, 003 na kuendelea, maana ukiandika 1, 2, 3 vifaa vingi hucheza 10 kabla ya 2. Baadhi ya vicheza havijali jina hata kidogo. Hufuata mpangilio ambao faili zilinakiliwa, kwa hiyo zinakiliwe kwa utaratibu wake, folda moja baada ya nyingine. Kazi hii inachosha, lakini ndiyo itakayoamua kama mama atakitumia kifaa au atakiweka kabatini.

Jambo ninalolipa uzito kuliko yote ni betri. Katika vicheza vingi vidogo betri imefungiwa ndani, nayo ikichoka kifaa kizima hutupwa. Ndiyo maana ningekushauri uchague redio ndogo ya mkononi yenye tundu la kadi na betri ya kuchomoka ya BL-5C, aina ile ile iliyotumika katika simu nyingi za Nokia na ambayo mafundi wa simu bado wanaiuza. Unaweza kumnunulia mbili, moja ikichajiwa dukani kwa jirani siku umeme ukikatika, nyingine ikiwa kazini. Redio hiyo ina spika yake, hivyo anaweza kuitundika mgombani na masikio yake yakabaki huru kumsikia ng'ombe au mgeni anayebisha hodi. Jioni, wajukuu wakilala, atachomeka hedifoni, mradi umehakikisha tundu lake ni la milimita 3.5. Asiongeze sauti mno: kwa mtu mzima, Shirika la Afya Duniani linataja desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa ndiyo mpaka wa usalama.

Huenda ukaonyeshwa pia iPod iliyotumika. Apple ilianza kuiuza mwaka 2001 na ikatangaza Mei 2022 kwamba inaacha kuitengeneza, kwa hiyo utakayoipata ina betri ya zamani iliyofungiwa ndani, na nyimbo huingizwa kwa programu maalumu ya kompyuta badala ya kunakiliwa tu. Kwa mama wa Kibosho, iache.

SWALI: Mimi ni mpagazi, hupanda Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Kicheza muziki changu huzima nikifika kambi ya Barafu, hali kikiwa bado na nusu ya chaji. Je, ninunue kingine? Msomaji wa Sakina, Arusha.

JIBU: Ndugu yangu, kabla hujatoa fedha, jua kwamba betri za lithiamu hulegea kwenye baridi kali: ukinzani wa ndani huongezeka, volti hushuka, na kifaa hudhani kimeishiwa chaji. Kikipata joto, sehemu kubwa ya nguvu hiyo hurejea. Kiweke mfuko wa ndani wa koti unapotembea na ulale nacho ndani ya begi la kulalia. Kikizima hata huku chini, Arusha mjini, hapo betri imechoka kweli, na utakaponunua kingine chagua chenye vitufe vinavyobonyezeka ukiwa umevaa glavu. Usikichaji kwa pawabenki kikiwa kimepoa chini ya nyuzi sifuri, kwa sababu kuchaji katika hali hiyo huiharibu betri moja kwa moja. Kipashe joto mwilini kwanza, ndipo uchomeke waya.