Beria hakuuawa siku ya mazishi

Hapana kaka, unasema Beria, bosi wa polisi wa siri wa Stalin, aliuawa siku ya mazishi ya Stalin, lakini hapo filamu ya vichekesho The Death of Stalin imebana miezi tisa ikawa siku chache. Stalin, mtawala wa Muungano wa Kisovieti, alifariki 5 Machi 1953. Beria alikamatwa 26 Juni, akapigwa risasi 23 Desemba mwaka huohuo. Nimefundisha historia hapa Mwanza, tarehe hizo hazina ubishi. Ila ulivyosema kwamba Urusi iliizuia filamu hiyo, ni kweli: kibali cha kuionyesha kilifutwa Januari 2018, siku mbili tu kabla haijaanza kuonyeshwa huko. Kuhusu kama inachekesha au la, hapo sina la kuamua. Juzi kwenye kibanda cha video Kirumba vijana walicheka mpaka machozi, mzee mmoja akatoka akinung'unika eti maiti haitaniwi. Mimi nilicheka, tena sana, hasa viongozi wanapogombana nani abebe mwili wa Stalin.