Kabla hujamwita fundi akupigie programu

Kompyuta ya sebuleni kwetu ilikuja kutoka dukani ikiwa imeshapigwa Windows na kushindiliwa programu kama thelathini ambazo hakuna aliyeziomba. Nikajiona nimepata nyongeza. Ina RAM ya GB 4 tu, kwa hiyo nilikuwa naiwasha, naenda kuinjika chai, narudi nakuta kile kiduara bado kinazunguka.

Kilichonizindua ni flashi ya mwanangu. Alipeleka kazi ya shule steshenari ikachapwe, kule mafaili yote yakaonekana kama njia za mkato (shortcut), ukibofya hamna kitu, dalili ya kirusi. Kijana wa pale akaniuliza, "Mzee, Office yako, hiyo yenye Word na Excel, umelipia au ya kukraki, yaani ya wizi?" Nikanyamaza. Nilikumbuka fundi niliyemwita aniwekee Office alivyozima antivirusi kwanza ndipo akaiweka. Mgeni anayetaka mbwa afungwe kabla hajaingia, na mimi nikamfungulia geti!

Nikafuta programu zote zile, nikabakisha Windows. Wiki nzima nikawa naandika kwenye daftari nani kafanya nini kwenye mashine. Yakatoka mambo manne: kazi za shule na barua, hesabu za kikoba za mke wangu, muvi, na intaneti.

Kwa kuandika na hesabu tukachukua LibreOffice, ya bure, iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010. Kuipakua kunakula zaidi ya MB 300, ila ukishaiweka haidai bando. Kero yake ni kwamba yenyewe huhifadhi faili kama ODT, na steshenari ukiipeleka hiyo watakukodolea macho. Ingia kwenye mipangilio ya kuhifadhi, weka docx, ile ya Word, iwe ndiyo ya kawaida. Cha kuchapwa kitoe kabisa kama PDF. Nilihofia barua zilizoandikwa kwa Calibri zingevurugika, kumbe inaweka Carlito, herufi zenye upana uleule, mistari haihami. Lakini jedwali la kikoba, lililotengenezwa kwa Excel, lilikuwa na makro, yaani amri zinazofanya kazi zenyewe ndani ya jedwali, na mbili ziligoma. Mama watoto alinuna siku tatu mpaka nilipoandika fomula upya. Kama kazi yako inategemea makro za Excel, lipia Excel, usijitese.

Muvi ni VLC, ile ya koni ya rangi ya machungwa. Sina la kuongeza. Kivinjari ni Firefox yenye uBlock Origin, kizuia matangazo, maana matangazo ya video yalikuwa yanatafuna bando letu.

Antivirusi sikununua. Defender inayokuja na Windows inatutosha, mradi Windows yenyewe ipate masasisho. Na hapo ndipo nilipokwama: yetu ni Windows 10, ambayo masasisho yake ya kawaida ya bure yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine haina sifa za kupokea 11. Jumamosi nimewasha Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. LibreOffice nikaikuta humo humo, printa ikakubali, wifi ikagoma. Bado tunavutana nayo.