Penye kuteleza pateleze, penye kushika pashike

Freni ya piki ikilia, usiitilie mafuta. Naanza na hili kwa sababu linaweza kumwokoa mtu leo hii, hata asiposoma mpaka mwisho. Hapa Ndosho, mtaa wa Goma, ninapotengenezea piki na chukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, kijana mmoja, motari mpya, yaani dereva wa piki ya abiria, alikuja akiisukuma piki yake kwa miguu.

"Yaya, freni ilikuwa inapiga kelele sana, nikaiwekea mafuta kidogo. Kelele imekwisha."

"Na freni?"

"Nayo imekwisha."

Sikumcheka. Alikuwa ameniona nikitia mafuta kwenye cheni inayolia, cheni ikanyamaza, akaona dawa ni ile ile. Chuma kulia mara nyingi ni dalili ya msuguano, yaani ile nguvu inayozuia vitu viwili vinavyogusana visipitane. Shuleni wengi tulifundishwa habari zake kama za mwizi: unakula vyuma, unapoteza nguvu, unaleta joto. Ni kweli. Lakini piki nzima inasimama, inakata kona na hata kuondoka mahali ilipo kwa sababu ya huyo huyo mwizi. Kazi yangu nusu ni kuuondoa msuguano, nusu ni kuurudisha. Kabla hujashika chupa ya mafuta, jiulize: hapa nataka vitu viteleze au vishikane? Pedi za freni za yule kijana zilikuwa zimekwisha kunywa mafuta. Tulizitupa, tukasafisha ngoma ya gurudumu, lile duara la chuma ambalo pedi hulisugua, kwa petroli na kitambaa kikavu, tukaweka mpya. Pedi iliyolowa mafuta usijaribu kuiponya kwa kuianika juani.

Anayetaka kuliona somo lote kwenye ubao mmoja aitazame chukudu. Si ile sanamu ya dhahabu ya pale kwenye mzunguko wa barabara, hiyo haiendi popote. Itazame ile inayoteremka kutoka Kibumba, kule mlimani, na gunia za makala (makaa) na viazi. Gurudumu lake ni la mbao, limevikwa ukanda wa tairi kuukuu ili lishike barabara na mbao isiliwe na mawe. Katikati ya gurudumu kuna beringi na grisi, maana hapo panatakiwa kuzunguka bila ubishi. Nyuma, juu ya gurudumu, kuna kipande cha mpira ambacho mwenye chukudu hukikanyaga kwa mguu. Hiyo ndiyo freni. Sehemu tatu, na kila moja ina mahitaji yake. Ukipaka grisi kwenye ule mpira wa nyuma, umemuua mtu.

Mtazame pia anavyokanyaga. Mgeni akipewa chukudu angekandamiza mfululizo toka juu mpaka chini. Mzoefu anakanyaga mapema, kabla mwendo haujawa mkali, anaachia kidogo, anakanyaga tena. Mzigo wa mamia ya kilo unaoteremka mlima una nguvu nyingi, na nguvu hiyo haipotei, inageuka joto pale mpira unapogusana na gurudumu. Mpira ukipata moto sana unalainika, unanuka, na unashika vibaya. Mwaka 1798 mwanasayansi Benjamin Thompson, aliyejulikana pia kama Count Rumford, alieleza jinsi alivyochemsha maji bila kuwasha moto, kwa joto la kutoboa mzinga wa vita kule Munich. Watu wa Kibumba wangemweleza jambo hilo bila kumdai hata faranga moja.

Kwenye piki ni vile vile. Mteremko mrefu, tia gia ndogo, iache injini ikuzuie, freni iwe ya kusaidia. Ukifika chini na ngoma ya gurudumu inachoma, usiimwagie maji ili ipoe haraka, chuma cha moto kikipoa ghafla kinaweza kupasuka. Egesha, pumzika, ongea na watu.

Motari wananibishia sana kuhusu mwendo. Nawaambia hivi: ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa kusimama hauwi mara mbili, unakuwa mara nne. Kwenye lami kavu, piki ya kilomita 20 kwa saa inasimama ndani ya mita 3 hivi tangu freni ishike. Ya kilomita 40 inataka kama mita 12. Na hapo sijahesabu ule muda wa kushtuka, mama na beseni lake la ndizi akiwa tayari katikati ya barabara. Mvua ikinyesha, lami inaweza kupoteza karibu nusu ya kushika kwake, basi zile mita 12 zinakaribia 24.

Wanabisha pia kuhusu uzito. Mmoja anasema piki yenye abiria wawili inashika barabara vizuri kuliko tupu, na mwenzake anasema haisimami kabisa. Wote wana kipande cha ukweli. Uzito unaligandamiza tairi, kwa hiyo msuguano unaongezeka, lakini uzito huo huo unafanya piki iwe ngumu kusimamishwa. Kwa hesabu za kwenye karatasi, mambo hayo mawili yanafutana. Kinachobaki ni joto: freni ndogo iliyotengenezwa kwa watu wawili inabeba wanne na gunia, na joto lote linaishia kwenye pedi zile zile. Siku yake ikifika, inakataa.

Jambo jingine ambalo haliingii vichwani upesi: gurudumu linalozunguka linashika kuliko gurudumu lililofungwa. Kitu kilichotulia juu ya kingine kinahitaji nguvu kubwa kukianzisha kuteleza, kikishaanza, nguvu ndogo inatosha kukiendeleza. Ndiyo maana kabati zito linagoma, linagoma, halafu likikubali linakuja lote na vidole vyako. Tairi inayoviringika, ile sehemu inayogusa chini imetulia kwa kitambo hicho. Ukikanyaga freni mpaka gurudumu ligande, imeanza kuteleza, umepunguza msuguano wako mwenyewe na usukani haukusikii tena. Kwa hiyo bana freni ukiongeza taratibu, usibane kwa pigo moja. Freni ya mbele msiiogope hivyo, kwenye lami kavu ndiyo inayofanya kazi kubwa, kwa sababu piki ikipunguza mwendo uzito unaegemea mbele. Ila kwenye changarawe za lava, au katikati ya kona, iguse kwa adabu.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ni ya kuogopwa kuliko ile ya tatu. Miezi ya Juni mpaka Agosti barabara imekusanya vumbi na matone ya mafuta, maji kidogo yakichanganyika navyo yanakuwa utelezi mtupu. Subiri kidogo barabara ioshwe.

Tairi kipara sasa. Kuna wanaosema kipara kinashika zaidi kwa sababu kinagusa eneo kubwa. Kwa vitu vingi vigumu, eneo halina umuhimu huo. Tofali ukiliburuta limelala au limesimama, nguvu inayotakiwa ni karibu ile ile. Leonardo da Vinci aliliona jambo hilo, likabaki kwenye daftari zake, mpaka Mfaransa Guillaume Amontons alipolitangaza mwaka 1699. Mpira haufuati sheria hiyo sawasawa, na kwenye lami kavu kipara kweli kinaweza kushika. Lakini mifereji ya tairi haikuwekwa kwa ajili ya ukavu. Kazi yake ni kutoa maji njiani ili mpira uifikie barabara. Bila mifereji, unaendesha juu ya maji.

Vumbi letu la Goma lina tabia yake. Linatokana na mawe ya volkano, ni gumu na lina ncha, likichanganyika na mafuta mazito linakuwa msasa wa maji. Ukiona cheni nyeusi yenye tope la grisi, ujue inaliwa kila inapozunguka. Isugue kwa brashi na mafuta taa, ikauke, tia mafuta mepesi kidogo kidogo ndani ya maungio, halafu futa yote yaliyobaki nje. Mafuta yanayong'aa nje ya cheni hayalainishi kitu, yanakaribisha vumbi tu.

Kuhusu mafuta ya injini, mwalimu wetu yuko pale juu anafuka moshi. Hata vimiminika vina msuguano ndani yake, ndio tunaouita mnato. Lava, yale mawe yaliyoyeyuka ya volkano yetu Nyiragongo, ina silika kidogo, madini yanayoifanya lava iwe nzito, kwa hiyo mnato wake ni mdogo na inakimbia. Mwaka 1977 ziwa lake la lava lilimwagika kwa chini ya saa moja, na tarehe 17 Januari 2002 lava ikapita katikati ya mji mpaka ziwani. Mafuta ya injini nayo yakiwa baridi ni mazito, yakipata joto yanakuwa mepesi. Asubuhi iache injini izunguke kidogo kabla ya kuipandisha mlima, ili mafuta yafike juu. Na tumia mafuta ya namba iliyotajwa na mtengenezaji wa piki yako. Mepesi kupita kiasi yanakimbia kati ya vyuma na kuviacha vinagusana.

Nyumbani ni mambo madogo. Kufuli ikikaza usiitie mafuta ya kupikia, yanaganda na kushika vumbi. Sugua penseli kwenye ufunguo, uingize na kuutoa mara kadhaa, ule unga mweusi unateleza bila kunata. Zipu ya begi, pitishia mshumaa au sabuni kavu. Sapatu zilizolika chini zisiingie bafuni.

Na kamba. Wanaofunga mizigo wanaamini fundo, mimi naamini mizunguko. Kamba ikizungushwa kwenye mti, kila mzunguko unazidisha kushika kwake, hauongezi tu. Kwa kamba ya kawaida juu ya mbao, mzunguko mmoja unaweza kukupunguzia mvuto mara sita hivi, na miwili inafika zaidi ya mara thelathini. Ndivyo mtu mmoja bandarini anavyoizuia boti iliyojaa watu, kamba ikiwa imezunguka nguzo na yeye ameshika ncha tu. Ukifunga gunia kwenye chukudu, zungusha mara tatu kwenye ule mti wa usukani kwanza. Baada ya hapo hata fundo la mtoto litakufikisha sokoni Virunga.