Kilele kipya hakitoshi kuwa haidraidi mpya

Ndugu, unasema umefukiza tungsteni kwa leza, ukaigandisha pamoja na haidrojeni ndani ya neoni kwenye kelvini 5 hivi, na sasa spektra ya infraredi ina kilele usichokijua. Usikiite bado haidraidi, yaani kiunga cha metali na haidrojeni. Rudia jaribio zima kwa deuteriamu, yaani haidrojeni nzito: kama kweli ni mtikisiko wa kifungo cha tungsteni na haidrojeni (W–H), kilele kitahamia namba-wimbi (mahali pake kwenye spektra) ya chini zaidi, na uwiano wa namba-wimbi hizo mbili utakaribia 1.4. Kisipohama, shuku uchafu. Halafu weka HD, molekuli yenye atomi moja ya haidrojeni na moja ya deuteriamu. Hapo ndipo idadi ya atomi za haidrojeni huanza kujitokeza, na kwa maoni yangu wengi huiruka hatua hii kwa uvivu tu. Pasha tabaka la neoni iliyoganda kwa kelvini chache, lipoze, pima tena. Vilele ambavyo urefu wake hupanda na kushuka pamoja kila mara huenda ni vya molekuli moja.

Wanakemia Wang na Andrews walipotangaza WH6, haidraidi ya tungsteni yenye atomi sita za haidrojeni, mwaka 2002 walishika ushahidi wa isotopu (haidrojeni dhidi ya deuteriamu) mkono mmoja na hesabu za kwanta mkono wa pili. Hesabu peke yake haikubebi. Ukigandisha ndani ya agoni badala ya neoni, tegemea vilele kusogea kidogo, kwani agoni huishika molekuli kwa nguvu kuliko neoni.